Kaptura Inayomfaa Mume Wangu Inaniumiza Mimi

Ndugu Mshauri,

Nakuandikia kwa haya kidogo, lakini jambo lenyewe limenishinda na sina mtu mwingine wa kumwuliza. Mimi ni mama wa makamo niliyeanza kuendesha baiskeli kwa ajili ya afya, kisha nikaupenda mchezo wenyewe. Safari ya saa moja hainisumbui hata kidogo. Shida huanza ninapopita saa mbili: kwanza makalio yanauma, kisha ngozi ya ndani ya mapaja inachubuka karibu na kinena, na mwishowe sehemu ya mbele inakufa ganzi kabisa, ganzi ambayo haiondoki mara ninaposhuka bali hunifuata hadi nyumbani.

Mume wangu, ambaye ameendesha kwa miaka mingi, alinishauri nivae kaptura yenye pedi. Nilinunua ya aina ile ile anayovaa yeye, nikachagua yenye pedi nene kuliko zote zilizokuwapo, na kwa kuwa nimeshindwa kujizoesha kuvaa nguo ya kubana bila kitu ndani, huivaa juu ya chupi ya pamba. Nilipoona maumivu hayapungui, nikaongeza kifuniko cha jeli juu ya kiti. Badala ya kupata nafuu, hali imezidi kuwa mbaya, na safari iliyopita nilirudi nyumbani nikiwa na uvimbe mwekundu unaouma pale ninapokalia. Yeye, kwa kaptura ya aina hiyo na kiti cha aina hiyo, hukaa barabarani saa tano na kushuka akiwa mzima.

Baada ya miezi miwili kundi letu lina safari ya kilomita 160 kwa siku moja, nami natamani sana kushiriki. Je, ninunue kaptura ya ghali zaidi, au nikubali kwamba mwili wangu haukuumbwa kwa safari ndefu? Na je, ni kweli kwamba chupi haivaliwi?

Mpanda Baiskeli Mwenye Maumivu

*

Dada yangu,

Nashukuru kwamba umeandika waziwazi, kwa sababu jambo hili huwaondoa watu wengi kwenye baiskeli kimyakimya, wakiamini kuwa wao ndio wenye kasoro. Mwili wako hauna kasoro, na kilomita 160 haziko nje ya uwezo wako. Nakuomba tu usinunue kaptura ya ghali zaidi kwa sasa, maana barua yako inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya maumivu yako haitokani na kaptura yenyewe, bali na ulichokivaa ndani yake na kilichoko chini yake.

Nianze na chupi, kwa kuwa hapo nafuu huweza kupatikana siku hiyo hiyo. Ni kweli kabisa: kaptura yenye pedi huvaliwa juu ya ngozi tupu, na imeshonwa kwa kutegemea hivyo. Mtu anayezungusha pedali mara 80 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida, huzizungusha mara 4,800 kwa saa moja na mara 24,000 kwa saa tano, na katika kila mzunguko paja hupanda na kushuka likipita mahali pale pale. Chupi ya pamba ina mshono wenye lastiki unaofuata mkunjo kati ya paja na kinena, yaani hasa hapo unapochubuka. Tena pamba hunywa jasho na kukaa nalo, hivyo ngozi hubaki na unyevu, ikalainika na kuchunika kwa urahisi. Pedi iliyotengenezwa vizuri ina uso laini usio na mshono mahali pa kukalia, hulivuta jasho kutoka kwenye ngozi, na kaptura hubana makusudi ili kitambaa kiende pamoja na ngozi badala ya kuisugua. Ukiweka chupi katikati, kazi yote hiyo inapotea bure.

Haya unayoionea nguo ya kubana naielewa, na haipaswi kukugharimu ngozi yako. Vaa kaptura pana nyepesi au sketi ya michezo juu ya ile yenye pedi, mradi isiwe na mshono mnene unaoangukia kwenye kiti. Stara yako itabaki, na pedi itakuwa pale inapotakiwa kuwa. Siku za hedhi, kikombe cha hedhi au tamponi hufaa kuliko taulo ya kike, ambayo kingo zake hukwaruza kama mshono wa chupi unavyokwaruza.

Sasa nizungumzie unene wa pedi, ambao ndio unaowapotosha wanunuzi wengi. Zamani kaptura za baiskeli zilifumwa kwa sufu, na ndani yake kukashonwa kipande cha ngozi laini ya mnyama, kisicho na sponji yoyote. Kazi yake ilikuwa kuilinda ngozi ya mwendeshaji dhidi ya mishono na msuguano. Nyuzi zinazonyumbuka za elasteni, zilizobuniwa na Joseph Shivers katika kampuni ya DuPont mwaka 1958, ndizo zilizokuja kuiondoa sufu, na baadaye ngozi ya mnyama nayo ikaachia nafasi vitambaa na sponji tunavyoviona leo. Sponji hiyo inasaidia, hasa kupunguza mtikisiko wa barabara, lakini kazi ya kwanza ya pedi imebaki ile ile ya kulinda ngozi. Kuubeba uzito wa mwili ni kazi ya mifupa yako ikikaa juu ya kiti kinachoitosha.

Ndiyo maana pedi nene na laini inaweza kuumiza kuliko pedi nyembamba iliyoshikamana. Ukikalia sponji laini, mifupa miwili ya makalio huzama hadi chini, na sponji iliyosukumwa kando hupanda katikati na kuugandamiza msamba, mahali ambapo hupita neva na mishipa ya damu inayohudumia sehemu za siri. Ganzi unayoieleza hutokana na mgandamizo wa namna hiyo. Kifuniko cha jeli hufanya jambo lile lile kwa kiwango kikubwa zaidi, tena huteleza juu ya kiti na kuongeza msuguano, kwa hiyo kivue leo na usikirudishe. Kisha ichukue kaptura yako, igeuze nje ndani, ubane pedi kati ya kidole gumba na cha shahada pale mifupa inapokaa. Vidole vikikutana kwa urahisi kana kwamba hakuna kitu kati yake, sponji hiyo ni dhaifu kwa safari ya saa tano hata iwe nene kiasi gani. Ikikupinga na kurudi taratibu unapoachia, inafaa. Pedi nzuri haina unene mmoja kila mahali. Huwa imara zaidi chini ya mifupa, na hupungua unene kuelekea kingo ili isijikunje mapajani.

Tukija kwa mume wako, nina hakika hakukushauri vibaya kwa makusudi, ila alikushauri kwa kipimo cha mwili wake. Nyonga za wanawake kwa kawaida huwa na nafasi kubwa zaidi kati ya mifupa ya makalio kuliko za wanaume, ingawa watu hutofautiana sana na wapo wanaume wenye nafasi pana na wanawake wenye nafasi finyu. Kiti ni sawa na kiatu: kinachomkaa mwenzako kinaweza kukutoa malengelenge ingawa ni kizuri na kipya. Kiti kikiwa chembamba kuliko mifupa yako, mifupa huning'inia kando, na uzito wote huangukia nyama laini ya katikati. Hapo hakuna pedi duniani itakayokuokoa.

Kipimo chake unaweza kukichukua nyumbani. Tafuta kipande cha boksi lile gumu lenye mawimbi ndani, kiweke juu ya kiti cha mbao au ngazi ya saruji, ukikalie ukiwa umevaa nguo nyepesi, uinue visigino kidogo na kuinama mbele kama uko kwenye baiskeli, kisha ujikandamize kwa kuvuta ukingo wa kiti kwa mikono. Ukisimama utaona mabonde mawili kwenye boksi. Yasipoonekana vizuri, lipitishe chini ya taa kwa upande ili kivuli kiyafichue. Pima kutoka katikati ya bonde moja hadi katikati ya jingine. Kwa watu wengi umbali huo huwa kati ya sentimita 10 na 16. Anayeinama sana mbele huongeza takriban sentimita 2 kupata upana wa kiti, na anayekaa wima zaidi huongeza sentimita 3 hadi 4. Chukua namba yako, ulinganishe na upana wa kiti ulichonacho. Sitashangaa ukikuta kiti chako ni chembamba.

Kuhusu viti vyenye upenyo au mfereji katikati, wanawake wengi hupata nafuu navyo, lakini wapo ambao kingo za upenyo huwakata na kuwavimbisha, hivyo usikinunue kwa sifa ya mtu mwingine. Fundi akikubali, azima kiti na ukijaribu kwa safari zaidi ya moja kabla ya kulipa. Pedi nayo iwe ya muundo wa kike. Kaptura ya mume wako, kama zilivyo nyingi za kiume, huenda ina mshono au mfereji uliopangwa kwa umbile jingine, na mgawanyo wa sponji yake unafuata mifupa iliyokaribiana. Kwako sehemu imara inaangukia ndani ya mifupa badala ya chini yake. Hakikisha pia kwamba haikulegei: pedi inayosogea unaposimama juu ya pedali ni kubwa kwako, na hiyo peke yake inatosha kuchubua. Mimi napendelea zenye mikanda ya mabega, kwa kuwa huishikilia pedi mahali pake na hazina lastiki ya kukata tumbo unapoinama, ingawa kwa mwanamke hufanya kwenda haja kuwe na usumbufu, jambo la kulifikiria katika safari ya siku nzima.

Kabla hujatumia hata senti kwa kiti kingine, rekebisha kwanza jinsi kiti ulichonacho kilivyofungwa, kwa sababu hilo ni bure na hubadilisha mengi. Kiti kikiwa juu mno, nyonga huyumba kushoto na kulia zikitafuta pedali, na kuyumba huko ndiko kunakochuna mapaja. Simama pekupeku ukiwa umegusa ukuta kwa mgongo, weka kitabu katikati ya miguu ukikibana juu hadi kwenye kinena, upime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kipimo hicho kwa 0.883, kanuni iliyojulikana sana kupitia bingwa wa Marekani Greg LeMond na kocha wake Cyrille Guimard. Kwa mfano, mtu mwenye sentimita 78 hupata sentimita 68.9, nao ndio umbali wa kuanzia kati ya ekseli ya mikono ya pedali na uso wa juu wa kiti. Ni mwanzo tu. Baada ya hapo mwombe mtu akutazame ukiendesha kutoka nyuma: nyonga zikiyumba, shusha kiti kwa milimita 3 au 5, ujaribu tena.

Ulalo wa kiti nao unahusika moja kwa moja na ganzi yako. Weka ubao au kitabu kigumu juu ya kiti kwa urefu, na pimamaji juu yake. Pua ya kiti isiinuke hata kidogo, na unaweza kuishusha kwa digrii 1 hadi 3. Ukiishusha zaidi ya hapo utateleza mbele, na mikono na mabega vitalipa gharama. Usukani ulio mbali au chini sana nao huivuta nyonga izunguke mbele hadi ukaukalia msamba, kwa hiyo kama unajikuta umenyoosha viwiko ili kuufikia, inua usukani au ubadilishe shina lake, yaani kipande kinachouunganisha na baiskeli, kwa fupi zaidi. Nasisitiza hili kwa moyo wote: ganzi si sehemu ya mchezo, wala si jambo la kulizoea. Maumivu ya mifupa ya makalio kwa anayeanza hupungua baada ya wiki chache za kuendesha mara kwa mara, lakini ganzi ni ishara kwamba neva na damu vinabanwa, na inapokujia unapaswa kusimama juu ya pedali mara moja.

Uvimbe ulioupata haupaswi kudharauliwa. Msuguano hufungua vitundu vya vinyweleo, jasho hulainisha ngozi, bakteria huingia, na kinachoanza kama kipele huweza kuwa jipu. Sean Kelly, mwendeshaji mashuhuri wa Ireland, alijitoa katika mashindano ya baiskeli ya Hispania, Vuelta a España, ya mwaka 1987 akiwa anaongoza, zikiwa zimebaki siku chache, kwa sababu ya jeraha la namna hii. Mfaransa Laurent Fignon aliianza hatua ya mwisho ya mashindano ya Ufaransa, Tour de France, ya mwaka 1989, ya kilomita 24.5, akiwa mbele kwa sekunde 50 na akiteswa na kidonda cha kukalia kiti, akashindwa na LeMond kwa sekunde 8 baada ya kilomita zaidi ya 3,000. Wale walikuwa na madaktari na wakandaji kila jioni, na bado kidonda kiliwashinda. Kwa hiyo usiendeshe mpaka uvimbe utulie. Usiukamue. Ukande kwa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku, osha kwa sabuni isiyo kali, kausha vizuri, na ulale bila nguo ya kubana. Ukiendelea kukua, ukitoa usaha, au ukipata homa, nenda kituo cha afya, maana huenda unahitaji kupasuliwa au dawa ambayo mimi siwezi kukuandikia.

Kwa kuzuia usirudi, tumia krimu ya kupunguza msuguano. Waendeshaji wa enzi za sufu walipaka mafuta ile ngozi ya mnyama kwa sababu ilikauka na kukakamaa baada ya kufuliwa. Leo pedi haikakamai, lakini utelezi bado ni msaada mkubwa katika safari ndefu. Paka kiasi cha kutosha kwenye mikunjo ya mapaja na pale ngozi inapokutana na pedi, na uchague isiyo na mentoli, ambayo huwasha vibaya sehemu nyeti za mwanamke. Mafuta mazito ya mgando hupunguza msuguano, lakini hung'ang'ania kwenye kitambaa na hayatoki kwa urahisi. Nywele za kinena usizinyoe kwa wembe. Zipunguze kwa mkasi ukipenda, kwa kuwa kunyoa huacha vidonda vidogo na vinyweleo vinavyoota kuelekea ndani.

Kaptura ifuliwe baada ya kila safari, hata ikiwa fupi. Igeuze nje ndani, tumia maji yasiyozidi nyuzi 30, suuza mpaka povu liishe kabisa, na usitumie dawa ya kulainisha nguo, kwani huacha utando unaozuia pedi kuvuta jasho. Ianike pedi ikiwa imetazama nje, kivulini penye upepo, na uivae tu ikiwa imekauka hadi ndani ya sponji. Kwa sababu hiyo kaptura mbili za kadiri hufaa kuliko moja ya ghali. Nawe ukishuka kwenye baiskeli, ivue mara moja. Kukaa na kaptura mbichi ukinywa chai na wenzako baada ya safari ni kuwapa bakteria joto na unyevu wanaoutaka.

Miezi miwili inatosha kujiandaa ikiwa utaitumia vizuri. Uvimbe ukipona, rudi kwenye safari ya saa moja, uongeze nusu saa au zaidi kidogo kila wiki katika safari moja ndefu, na ubadilishe jambo moja tu kwa wakati, kiti au urefu au kaptura, ili ujue kilichokusaidia. Jizoeze kusimama juu ya pedali kwa nusu dakika kila baada ya dakika 10 hadi 15, na uinuke kidogo kila unapopita kwenye mashimo. Punguza kidogo upepo wa tairi ukiwa bado ndani ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake, kwa sababu tairi lililojazwa kupita kiasi huupeleka kila mtetemo kwenye mifupa. Utagundua pia kwamba unapokanyaga kwa nguvu maumivu hupungua, kwa kuwa miguu hubeba sehemu ya uzito, na unapochoka na kukanyaga kivivu kiti huwa kigumu zaidi. Hivyo kula na kunywa njiani mapema, kabla miguu haijaisha nguvu.

Ikiwa baada ya kurekebisha kiti na kuacha chupi ganzi bado inaendelea kwa saa kadhaa baada ya safari, mwone daktari kabla ya kuongeza umbali, hata kama siku ya safari imekaribia. Ikiwa imeondoka, nenda na wenzako ukiwa umevaa kaptura uliyokwisha kuizoea, isiwe mpya ya siku hiyo, na ubebe krimu kwenye kifuko kidogo upake tena mtakapopumzika nusu ya njia.